Kwenye Madaftari ya Wenzangu

Semina ya mwisho ya muhula, Dokta alitugawia karatasi nyeupe moja moja, akafuta ubao, akaandika swali moja tu: "Umechangia nini katika majadiliano ya darasa hili?" Ukurasa mmoja, usizidi. Alama 5 kati ya zile 40 za kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kurudisha Ijumaa.

Jirani yangu akanipiga kumbo. "Wewe hiyo tano umeshakula."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ndivyo nilivyoamini. Mimi ndiye msemaji wa darasa. Muhula mzima, kila Jumatano saa nane mchana, jua la Dar limelala juu ya bati, feni moja inazunguka na nyingine ilishakata tamaa, ukipita nje ya chumba kile ukasikia sauti ya kike inatiririka Kiingereza bila kumeza mate, ujue ni mimi. Wenzangu waliita kutema yai. Nililichukua kama sifa.

Jioni nikaenda kukaa kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za zege chini ya miti ambako chuo chetu kinasomea kwelikweli. Nikaandika jina, namba ya usajili, tarehe. Nikaandika "Nimechangia". Kalamu ikasimama hapo.

Si kwamba nilikosa maneno, mimi na kukosa maneno hatujawahi kukutana. Nilikosa kitu cha kutaja. Nilikumbuka vizuri sana nilivyosema: nilivyosimama, nilivyorusha mkono, nani aliitikia kwa kichwa, nani alimgeukia mwenzake akamwambia "huyu dada ni noma". Nilichosema chenyewe kilikuwa kimeyeyuka. Nilijaribu wiki ya pili. Nilijaribu wiki ya saba. Kilichobaki ni moshi.

Nikapata wazo nililoliona la kijanja. Niazime madaftari ya wenzangu, nitafute jina langu humo. Kama nimechangia, kuna mtu atakuwa ameandika.

Nilianza na CR wetu, mwakilishi wa darasa. Ana kaunta buku la kwaya tatu, limefunikwa kwa gazeti kama la darasa la sita, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, maelezo kwa bluu. Kila alichosema Dokta kimo, pamoja na utani wake wa wiki ya nne kuhusu daladala. Nilipekua mpaka ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi hata mmoja hayumo. Nikamwuliza. Akanijibu bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stendi: "Wanafunzi wakiongea mimi napumzisha mkono."

La pili lilikuwa la binti ninayelala naye chumba kimoja hosteli, ambaye darasani hukaa nyuma yangu. Huyu pembeni mwa ukurasa alikuwa na vistari, vinne vimesimama na cha tano kimevikata katikati, fungu baada ya fungu. Nikadhani anahesabu siku za boom, pesa yetu ya mkopo, kuingia. Nilipomwuliza akajifunika uso kwa kanga. "Usinichukie lakini." Alikuwa anahesabu mara ngapi nasema "kimsingi" kwa Kiingereza. Jumatano moja nilifika 23.

Nilicheka. Kicheko cha mtu aliyejikwaa barabarani na kuna watu wanamtazama.

La tatu ni la rafiki yangu wa kutoka Ukerewe, mwandishi wa kila kitu. Anaandika nani kasema nini, na mshale. Kwake nilijikuta mara mbili. Mara ya kwanza: "kangomba. Bakuli si kilo! Bibi yake. JULAI," na Julai imepigiwa mstari mara mbili. Mara ya pili, wiki moja baadaye: "Newala: maji, masaa sita kwa siku."

Mara mbili kwa muhula mzima. Ile ya kwanza ilinipa furaha ambayo sikuitegemea. Ile ya pili ilinishika tumbo, kwa sababu si kweli. Nitafika huko.

Niseme kwanza nilivyoipata tabia hii ya kuongea, maana sikuzaliwa nayo. Nilisoma shule ya msingi ya serikali huko kwetu Newala, miaka saba kwa Kiswahili. Januari 2016 nikaingia kidato cha kwanza, mwaka ule ule elimu bila malipo ilipoanza, darasa limejaa mpaka wengine tunakaa chini, na ghafla kila kitu kimegeuka Kiingereza: baiolojia, historia, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Ukinaswa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, kipande cha mbao chenye kamba ya katani, unakaa nacho mpaka umnase mwingine. Wiki ya kwanza nilikivaa siku tatu. Kuna wenzangu walioamua kunyamaza pale pale, wakanyamaza mpaka kidato cha nne. Siwalaumu. Mimi nilichukua njia nyingine: niliamua kuongea kwa wingi mpaka mwalimu achoke kunisahihisha.

Mdahalo ndio uliniharibu. Kila Ijumaa baada ya vipindi tulikaa ukumbini, mada zikiwa zile zile ambazo nadhani kila shule ya sekondari nchi hii imezimaliza: elimu ni bora kuliko fedha, mjini ni bora kuliko kijijini, mwalimu ni bora kuliko mkulima. Hii ya mwisho nilipewa upande wa mwalimu. Ukumbi mzima ni watoto wa wakulima wa korosho na mihogo, na mimi mmoja wao, nikasimama nikasema mkulima hahitaji akili, anahitaji mvua. Ukumbi ulilipuka. Madawati yalipigwa. Nilitangazwa mzungumzaji bora nikapewa madaftari mawili na kalamu. Nikampelekea bibi, aliyenilea. Aliyapokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nilifika chuoni nikijua jambo moja kuhusu kuongea mbele za watu, kwamba ni la kushinda. Chuo kikaniongezea la pili, kwamba unaweza kushinda hata kama hukusoma. Tazama mwanafunzi anavyochangia semina zetu uniambie hujamsikia bungeni. Anashukuru kwa nafasi. Anaungana na msemaji aliyetangulia. Anasema yeye ana mambo matatu, la kwanza linafanana na la pili, na la tatu kengele imelia. Tofauti ni kwamba mbunge humalizia kwa kuunga mkono hoja, na sisi humalizia kwa kusema suala hili lina pande mbili. Niliwahi kuchangia makala ambayo sikuifungua kabisa. Nilisoma kichwa chake nikiwa kwenye foleni ya wali maharage, nikasema mtunzi amejitahidi lakini hakuzingatia muktadha wa Kiafrika. Darasa likaitikia. Baadaye niligundua mtunzi ni Mtanzania.

Neno lenyewe, mchango, lingepaswa kuniamsha. Kwetu mchango ni kitu unachodaiwa. Nikiwa shule ya msingi, kabla ya hiyo elimu bila malipo, nilirudishwa nyumbani kwa mchango wa mlinzi, mchango wa madawati, mchango wa mtihani wa majaribio. Ukubwani ni kadi ya harusi: umeandikiwa kiasi, mweka hazina anakupigia mpaka unabadilisha laini. Na kila kamati ya harusi ina mtu wake anayeshika kipaza sauti akaahidi ng'ombe, watu wakapiga vigelegele, na siku ya siku anaonekana na bahasha yenye elfu kumi. Watu wa pwani, tena, mchango kwao ni pamoja na ugonjwa wa tumbo. Nikipiga hesabu ya kweli, nilikuwa kati ya hayo mawili ya mwisho.

Hesabu yenyewe ni hii. Semina ni dakika 50. Kusaini mahudhurio na kuibembeleza projekta ikubali waya, 10. Kundi linalowasilisha, 15. Zinabaki 25, na sisi tuko 31. Mtu hafikishi dakika moja. Mimi nilikuwa nasimama mara tatu, dakika mbili na nusu au tatu kila mara, yaani karibu theluthi ya hizo dakika 25 za darasa zima. Tungekuwa kwenye sinia la pilau, mtu angenishika mkono akaniambia mwenzetu, kula upande wako.

Na Dokta alikuwa na mtindo ambao sisi tulidhani ni usahaulifu. Akiuliza swali anageukia dirishani, ananyamaza, anaangalia miembe. Siku moja alitueleza kwa nini. Kuna mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, aliyepima mambo haya madarasani miaka ya 1970: mwalimu akiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu, halafu anajijibu au anahamia kwa mwingine. Akingoja sekunde tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu zaidi, na wanaonyamaza siku zote wanaanza kuongea. Niliandika jina la mtafiti kwa ajili ya mtihani. Sikujiuliza zile sekunde tatu za dirishani zilikuwa zinakwenda wapi kwenye darasa letu. Zilikuwa zinakuja kwangu. Dokta anauliza, anageuka, na kabla hajafika dirishani mimi nimeshasema "kimsingi".

Sasa kangomba.

Jumatano ile sikuwa nimejiandaa kuongea. Boom lilichelewa, nilikuwa na homa, niliingia kwa ajili ya kusaini tu. Mada ilikuwa ushirika na masoko ya mazao. Kundi lililowasilisha lilikuwa na slaidi nzuri kuhusu stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza kwenye korosho mwaka 2007: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, halafu analipwa benki baada ya makato. Wakafika kwenye changamoto. Ya kwanza, wakasema, ni wakulima kuendelea kuuza kwa kangomba, yaani kwa bakuli nje ya ghala, kwa sababu ya uelewa mdogo.

Sikunyoosha mkono. Nilisikia tu mdomo wangu unasema, kwa Kiswahili, tena cha nyumbani: "Bibi yangu si mjinga."

Darasa zima likageuka. Aliyekuwa anawasilisha akashusha kijiti chake. Dokta hakunikataza Kiswahili. Akaniambia, "Endelea."

Nikaendelea. Julai 2020 nilipangiwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Fomu ya kujiunga ilikuwa na orodha ya kurasa mbili: godoro, tranka, ndoo mbili, rimu ya karatasi, jembe na mpini wake, fyekeo, viatu vyeusi vya kamba, nauli yako mwenyewe. Julai kwetu ni mwezi wa kupuliza salfa. Mikorosho iko kwenye maua, pesa inatoka mfukoni na hakuna inayoingia. Mnada ni kuanzia Oktoba, na baada ya mnada kuna kusubiri. Shule haisubiri Oktoba. Bibi akamwita kijana mmoja, mjukuu wa jirani, niliyecheza naye rede utotoni. Akaja na shilingi 120,000 taslimu, na bakuli.

Bakuli hilo naliona mpaka leo. La plastiki, la bluu, lilikuwa limepasuka ukingoni likashonwa kwa uzi wa gunia, mshono kama wa kidonda. Ndiyo kangomba yenyewe: unapimiwa kwa bakuli badala ya mizani, na bakuli moja linahesabiwa kilo. Makubaliano yalikuwa mabakuli mia msimu ukifika. Novemba alikuja kuchukua, nilikuwa nyumbani likizo ndogo, nikashika taa. Bibi anajaza, anapitisha kiganja juu kusawazisha. Kijana anasema kwa adabu kabisa, "Bibi, acha kilele." Bibi anaacha kilele. Lingine, kiganja. "Bibi, kilele." Mabakuli mia, usiku ule, na kila bakuli kiganja cha bibi kilikwenda juu kwanza, kana kwamba hajasikia la kabla yake. Siku iliyofuata nilichukua bakuli letu la ukubwa ule ule, nikajaza na kilele, nikapeleka kwa duka lenye mizani. Kilo moja na robo. Kwenye mnada wa msimu ule kilo ilikuwa inapita shilingi 2,000. Bibi hakuhitaji semina kuelewa hiyo hesabu. Aliifanya mwenyewe Julai, na akaamua niende shule.

Nikasema pia kwamba Novemba 2018, serikali ilipotangaza itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba, nilikuwa kidato cha tatu, na watu kwetu walijua vizuri sana nani analima na nani ana korosho bila shamba. Waliosakwa kama wahalifu walikuwa ndio hao hao wanaotukopesha kila Julai. Sikuwa natetea mtu. Nilikuwa nasema ilivyokuwa.

Nilipomaliza hakuna aliyeitikia kwa kichwa. Palikuwa kimya. Dokta akauliza swali moja: kile kilele kilikuwa na urefu gani? Nikaonyesha kwa vidole viwili. Akaandika.

Halafu akageukia dirishani, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimechoka kiasi cha kukaa kimya. Ukapita muda. Na kijana wa Njombe, anayekaa kona ya mlangoni, ambaye nadhani sauti yake tulikuwa hatujawahi kuisikia zaidi ya kuitikia jina, akasema, "Kwetu ni lumbesa." Akaeleza kuhusu viazi. Rafiki yangu wa Ukerewe akaleta dagaa. Muda wa semina uliisha hakuna aliyefunga begi.

Ndiyo hiyo iliyoingia kwenye daftari. Wiki iliyofuata nikaitaka tena.

Nilikuwa nimeonja kitu kizuri kuliko makofi ya mdahalo, na nikataka nirudie kwa makusudi, ambapo ndipo mambo yalipoharibika. Mada ilikuwa wanawake na kazi zisizolipwa. Dokta aliposema "maji", watu watatu walinigeukia. Nilikuwa nimeshakuwa Newala, nimeshakuwa mkulima, bibi yangu ameshakuwa wa darasa zima. Nami sikuwa na hadithi ya maji. Nilikuwa na ninachokijua kwa kusikia: uwanda wa juu wa Makonde hauna maji karibu, na wanawake wa zamani walikuwa wanashuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba, kwamba mimi na bibi tulikuwa tunatembea masaa sita kwa siku. (Najua, Kiswahili sanifu kinataka "saa", lakini saa sita ni mchana, na mimi nilitaka wahesabu.)

Safari hii waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza swali. Ningekuwa makini ningeona hapo hapo kwamba kuna kitu kimekosekana.

Nikamwambia rafiki yangu pale kwenye kimbweta, daftari lake likiwa wazi kati yetu: "Hii ifute."

"Kwa nini? Nimeshaitumia kwenye insha."

"Si kweli."

Alinitazama kwa muda. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akatoa kalamu. "Basi ni masaa mangapi?"

Sikujua. Nikampigia bibi, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamwuliza, nilipokuwa mdogo, maji tulikuwa tunafuata wapi, tunatumia muda gani. Kukawa kimya, kisha akaanza kucheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Wewe? Maji? Wewe ulikuwa unasubiri baiskeli pale mlangoni na sarafu mkononi. Dumu tulikuwa tunanunua. Mvua zikinyesha tunakinga. Aliyeshuka bondeni ni mimi nikiwa mwari, wewe hata mama yako hajafikiriwa." Akaacha kucheka. "Nani kakuuliza?"

Nikamweleza yote. Semina, bakuli, kilele, masaa sita. Bibi hana adabu ya kushangaa. Kuhusu uongo hakusema lolote. Alishikilia jambo jingine kabisa. "Kwa hiyo ulivyowaambia bakuli, wao walisema nini?"

"Walinyamaza, bibi. Halafu kuna mmoja wa Njombe akasema kwao ni lumbesa."

"Ndiyo nini?"

"Gunia. La viazi. Linajazwa kupita kiasi."

"Linajazwa vipi? Gunia si lina mdomo? Likijaa limejaa."

Nikafungua mdomo. Nilikuwepo darasani. Nilikaa hatua tano kutoka kwake. Nilikumbuka kwamba aliongea, nilikumbuka shati lake la draft, nilikumbuka mimi nimekaa napanga kichwani hadithi gani ya bibi niitoe wiki ijayo. Alichosema kuhusu gunia sikuwa nacho hata kipande.

"Ngoja nimwulize, bibi."

"Mwulize. Unipigie."

Sikuwa na namba yake. Muhula mzima, watu 31, na sikuwa na namba yake. CR alinipa. Nilimkuta kesho yake asubuhi nyuma ya maktaba, anakula mihogo ya kukaanga kwenye kipande cha gazeti, na aliponiona nakuja alisogeza begi kunipa nafasi, kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayejua anakuja kuhutubiwa.

Nikamwuliza gunia linajazwaje kupita mdomo wake.

Akafikiri. Nilihesabu moyoni, na mpaka namaliza tatu hajasema kitu. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, nilijishika magoti. Kisha akaweka mhogo chini, akachukua lile gazeti akalikunja likawa gunia, akanionyesha. Mdomo haufungwi. Unaongezewa. Wanashonea kipande cha neti au gunia jingine juu, kama kilemba, wanapanga viazi kwa mkono kimoja kimoja mpaka kinasimama chenyewe, halafu wanakaza kwa kamba msalaba. Mnunuzi analipa gunia moja. Baba yake alikuwa anajaza mwenyewe, kwa sababu asipojaza lori linakwenda kwa jirani. Yeye kazi yake ilikuwa kushika kilemba kisianguke wakati baba anashona. "Ukiachia," akasema, "viazi vinabingirika mpaka mtoni."

Nikamwuliza kama haya aliyasema siku ile darasani.

"Nilisema yote," akajibu. "Hilo la mtoni tu ndiyo sikusema."

Nikaomba daftari lake. Alisita, akanipa. Lilikuwa jembamba, la kurasa 40, na wiki ya kangomba ilikuwa na mchoro: bakuli, mshono wa ukingoni, vidole viwili juu yake vya kuonyesha kilele. Chini ameandika kilo 1.25. Hakukuwa na jina langu. Kando yake kulikuwa na gunia lenye kilemba, na mshale kutoka kimoja kwenda kingine, wa kwenda na kurudi.

Karatasi ya Dokta niliijaza Ijumaa asubuhi, nusu ukurasa. Niliandika bakuli. Niliandika masaa sita, na kwamba ni uongo, na kwamba umeshaingia kwenye insha ya mtu kwa hiyo alama zikikatwa zikatwe kwangu. Niliandika dakika zangu nane kwa wiki. Kuhusu lumbesa niliandika jina la mwenye nayo.

Bibi nilimpigia jioni. Nikamweleza kilemba, neti, kamba msalaba, na viazi vinavyobingirika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza gunia likiwa na kilemba linafika kilo ngapi. Nikamwambia kijana anasema 130 na zaidi, badala ya 100.

"Mia na thelathini," akarudia, polepole. Nikajua anahesabu. "Basi sisi tuna nafuu?" Akahesabu tena. "Hapana. Wametushinda kidogo tu. Mwambie msimu ukifika aje, alete viazi, mimi nitampa korosho." Akanyamaza. "Kwa mizani."